Chumvi inayotoa maji na siga zinazoota koga

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Mikocheni, Dar es Salaam. Mwaka jana nilijinunulia humidori ya mbao, yaani kiboksi cha kutunzia siga (zile nene za majani matupu ya tumbaku) zisikauke, ya siga 50, yenye haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, ya mshale kwa mbele. Nilifuata maelekezo yote yaliyokuja nayo: nikaipangusa ndani kwa kitambaa cha maji, nikalowesha sponji, nikangoja. Sasa inasoma unyevu wa asilimia 79, siku nyingine 81, na hata nilipoitoa sponji kabisa haishuki. Siga zinaungua upande mmoja, zinazimika ovyo, na wiki iliyopita nimeona vidoa vyeupe kwenye mbili. Shemeji yangu wa Nairobi ana humidori kama hiyohiyo na yeye analalamika kwamba zake zinakauka mpaka zinapasuka. Nani kati yetu anakosea? Na hiyo asilimia 70 ya unyevu inayosemwa kila mahali ni ya kweli?"

Marahaba, mwanangu. Wewe na shemeji yako hakuna aliyekosea. Kilichokosea ni kile kikaratasi cha maelekezo. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa nchi za baridi, anayewasha hita miezi mitano mfululizo mpaka midomo inampasuka na milango ya mbao inasinyaa. Mtu huyo ana kazi moja tu, kuongeza maji. Wewe umeichukua kazi yake ukaileta Mikocheni, pua na mdomo na bahari, ambako hewa yenyewe inakuongezea maji bure usiku na mchana. Kile kitambaa ulichopangusia ndicho kilichokuanzishia safari mbaya, maana mbao iliyokwishashiba ukaizidishia.

Tuiache humidori kidogo, twende jikoni. Angalia kichupa chako cha chumvi. Miezi ya masika chumvi inashikamana, inatoa maji, na mama wa nyumba anatia punje za mchele ndani ili iweze kumwagika. Muulize shemeji yako kama kwake Nairobi mambo ni hayo. Atakwambia chumvi yake karibu mwaka mzima ni vumbi. Chumvi ya mezani ina tabia moja isiyobadilika: hewa inayoizunguka ikivuka unyevu wa asilimia 75, inaanza kunywa maji mpaka inayeyuka. Ikiwa chini ya hapo, inakaa kavu. (Chumvi ya mawe ya baharini hulowa mapema zaidi kwa sababu ina magnesi ndani yake, mimi nasemea ile laini ya pakiti.) Basi jikoni kwako kuna kipimo cha unyevu ambacho hukukinunua, na kinakwambia kwamba hewa ya nyumba yako mara nyingi iko juu ya 75. Humidori yenye 79 haijaharibika. Imelingana na nyumba.

Sasa hiyo asilimia yenyewe ni ya nini? Si kiasi cha maji kilichomo hewani. Ni kiasi hicho kikilinganishwa na kile ambacho hewa ya joto hilo ingeweza kubeba mpaka ishibe. Na tumbo la hewa hupanuka kwa joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi hushiba kwa gramu 30 hivi za mvuke. Ya nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17 tu. Chukua mchana wa Dar wenye unyevu mwingi, nyuzi 30 na unyevu 80: hewa ina gramu 24. Ingiza hewa hiyo kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, ambako gramu 19 ndizo kikomo. Gramu 5 zilizobaki hazina pa kukaa, lazima zigeuke maji. Ndiyo maana chupa ya soda hutoka jasho mezani, na ndiyo maana kiyoyozi kina ule mpira unaodondosha maji nje ya dirisha. Kumbuka jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye friji.

Lakini hayo yote ni ya hewa, na hewa ndani ya kiboksi chako si kitu. Humidori ya siga 50 ina hewa isiyozidi lita kumi. Mvuke uliomo humo haufiki hata robo ya gramu. Maji yenyewe yako wapi? Yamo kwenye tumbaku na kwenye mbao. Siga moja ina uzito wa gramu kumi na kitu, na sehemu moja kwa nane hivi ya uzito huo ni maji. Zidisha kwa 50, unapata zaidi ya gramu 60. Gramu 60 zinaongea, na robo ya gramu inaitikia. Ukifungua kifuniko mshale ukaanguka hadi 70, halafu ukifunga ukapanda tena 79 baada ya saa moja, usiseme kipimo kimechanganyikiwa. Tumbaku imeirudisha hewa pale inapotaka yenyewe. Ili ushushe mshale lazima uikaushe tumbaku, na tumbaku haiendeshwi haraka. Hupoteza na kupokea maji kwa wiki, na ukiilazimisha kwa siku moja, jani la nje hukauka wakati tumbo bado limevimba, nalo hupasuka.

Haya sikuyajifunza kwenye siga. Nimezaliwa Urambo, Tabora, nyumba ya wakulima wa tumbaku. Yetu ilikuwa ya kukausha kwa moto, ya kwenda viwanda vya sigara, siyo ya siga, lakini jani ni jani. Likitoka kwenye bani, lile banda la kukaushia, limekauka hivi kwamba ukilishika linavunjika kama krispi za viazi. Mzee alikuwa anafungua mlango wa bani usiku, hewa ya alfajiri inaingia, na asubuhi majani yamelainika, unayakunja kama kitambaa. Hakuna aliyenyunyizia tone la maji. Na akichelewa kufunga, majani yanazidi kulainika, yakifungwa robota hivyo yanaoza. Wote pale tulijua kwamba jani hunywa hewa, na kwamba kosa la kuzidisha ni baya kuliko la kupunguza, kwa sababu lililokauka utalilainisha kesho, lililooza huna la kulifanya. Nilipokuja Dar nikawa fundi seremala, nikaanza kutengeneza makabati ya siga kwa hoteli, elimu hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko msumeno.

Asilimia 70 basi. Ni kanuni ya Wamarekani: unyevu 70, joto 70. Hiyo 70 ya pili ni kwa kipimo chao cha Farenhaiti, yaani nyuzi 21 za Selsiasi. Inapendeza masikioni kwa sababu namba mbili zinafanana, na watu wameishika kama aya. Lakini soma vizuri: 70 ya unyevu inakuja pamoja na nyuzi 21 za joto. Ukichukua nusu ya kanuni, yaani unyevu 70 kwenye chumba cha nyuzi 30, umewaandalia koga na wadudu karamu. Watu wengi waliozoea siga siku hizi wanapenda 65, wengine hata 62, kwa sababu huungua sawasawa na kuvutika bila kukaza mashavu. Kwa mtu wa pwani mimi nasema 65 na usibishane nami. Joto lishuke chini ya nyuzi 24 kama unaweza. Likiwa 18 hadi 21 utalala usingizi.

Sasa kazi. Kwanza usikiamini hicho kipimo cha mshale. Vile vinavyobandikwa mbele ya humidori mara nyingi ni pambo, vinaweza kukudanganya kwa pointi tano, hata kumi. Nunua haigromita ndogo ya kidijitali, nayo uipime kwa chumvi ileile ya jikoni: jaza kifuniko cha soda chumvi laini, dondoshea matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko na haigromita ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri, bila kugusana. Liache kutwa na kucha sehemu isiyobadilika joto. Lazima isome 75. Ikisoma 72, unajua kila siku utaongeza 3. Chumvi hiyo haikosei iwe nyuzi 15 au 30, ndiyo sababu wanaopima unyevu wa vitu duniani kote wanaitumia.

Pili, toa siga zote kwenye humidori. Najua inauma, boksi ni zuri, linang'aa. Lakini zima taa usiku, washa tochi ndani yake, ufunge kifuniko. Ukiona mstari wa mwanga, hapo ndipo bahari inapoingilia. Au bana noti kwenye kifuniko uivute; ikitoka bila kukwama, hakuna kinachozibwa. Humidori nyingi za bei ya kati hazifungi kabisa, na kwa Mzungu wa hita hilo si tatizo kubwa, anaongeza maji tu kila wiki. Wewe huwezi kuongeza ukavu kila wiki.

Hamishia siga kwenye chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kile chenye mpira mweupe pembeni na klipu nne. Kioshe, kikaushe, kiache wazi siku mbili harufu ya duka itoke. Kama ulinunua siga kwenye maboksi yake, vunja ubao mmoja mwembamba utie ndani. Wanaiita mierezi ya Kihispania, ingawa si mwerezi wa Biblia wala haitoki Hispania. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya joto, ndugu wa mkangazi na mwarobaini wetu. Hapa Tanzania uliletwa ukapandwa, na katika msitu wa Kimboza kule Morogoro umegeuka mvamizi unaosonga miti ya asili. Nimetumia mbao zake zilizokatwa hapahapa nchini, na zikikauka vizuri zinafaa. Usichanganye na mutarakwa wa Kenya, ambao kwetu huitwa mwangati. Seremala mmoja aliniletea kabati alilolipiga ndani kwa mutarakwa, kazi safi kabisa, na baada ya mwezi kila siga ilikuwa na ladha ya penseli. Haishangazi, mti huo umetumika kutengenezea penseli.

Ndani ya chombo hicho tia pakiti za unyevu za asilimia 65, mbili za gramu 60 zinatosha kwa siga 50, kwako anza na tatu. Zinazojulikana zaidi ni za kampuni ya Boveda. Watu wanadhani ni miujiza, lakini ni chumvi yako ya jikoni iliyokwenda shule: ndani kuna maji yaliyoshibishwa chumvi ya aina iliyochaguliwa ili isimame kwenye namba inayotakiwa, na karatasi yake inapitisha mvuke bila kupitisha maji. Hewa ikikauka inatoa, hewa ikizidi inanyonya. Hilo la kunyonya ndilo unalolitaka, na ndilo sponji yako isiloliweza, kwa kuwa sponji yenye maji inajua kutoa tu. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu usivitie, vyenyewe vinajua kunyonya tu na havina breki.

Wiki ya kwanza pakiti zitavimba. Zinakunywea maji ya mwaka mzima. Zikijaa kama mto, zitoe uzilaze usiku mmoja au miwili kwenye chumba chenye kiyoyozi, zitapungua, uzirudishe. Mtengenezaji atakwambia ununue mpya, na ana sababu zake. Baada ya wiki tatu au nne utaona 66, 65, na hapo patatulia. Katika wiki hizo fungua chombo mara moja kwa wiki, si kila jioni. Anayepima mtoto uzito kila baada ya kunyonya hatapata usingizi.

Suala la joto ndilo gumu, na sitakudanganya kwamba lina jibu rahisi. Ukiwasha kiyoyozi usiku tu, chumba kinakwenda nyuzi 23 alfajiri na 31 saa tisa mchana. Hapo kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Boksi tupu likipata joto, unyevu wake linganishi hushuka, kama nilivyoeleza kuhusu tumbo la hewa. Lakini boksi lililojaa tumbaku na kufungwa vizuri likipata joto, unyevu hupanda kidogo, kwa sababu tumbaku yenye joto huyaachia maji yake. Kwa hiyo ukiona namba imepanda mchana usikimbilie kufungua upunguze, usiku itarudi. Weka chombo kwenye kabati la ukuta wa ndani, chini, mbali na jua na mbali na injini ya friji, ukifunge ndani ya boksi la thermokoli la kuwekea samaki. Halipoozi, lakini linatuliza. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, siga hazitajua.

Ukifika siga 100 na zaidi, fikiria friji ndogo ya mvinyo. Inashusha hadi nyuzi 18 bila kugandisha. Ila usiweke siga wazi ndani yake. Kumbuka zile gramu 24: ukifungua mlango hewa ya sebule inaingia kwenye friji, inatoka jasho palepale, na ukuta wa nyuma unachuruzika. Siga zibaki ndani ya vyombo vyake vilivyofungwa, friji iwe ya baridi tu, pakiti ziwe za unyevu. Na ukitaka kuvuta, toa chombo, kiache mpaka kipate joto la chumba ndipo ukifungue. Friji ya kawaida ya chakula haifai. Ni baridi mno na kavu mno, na hakuna anayetaka siga yenye harufu ya dagaa.

Sasa hao wadudu, maana hukuwauliza lakini watakuja. Kuna fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne, mdudu wa kahawia wa milimita mbili au tatu. Mayai yake huweza kuwamo tayari ndani ya majani, hayaonekani, na yanaweza kukaa bila kuanguliwa mahali penye ubaridi. Joto la nyuzi 30 kwake ni sikukuu. Mwaka wangu wa pili Dar nilikuwa na boksi la siga 25 nililokuwa nalitunzia siku ya harusi. Nililiweka juu ya kabati, chini ya bati, na unyevu nilioupenda enzi hizo ulikuwa 72. Nilipolifungua, siga zilikuwa na vitundu kama zimedungwa sindano, na unga mwembamba chini. Nilitaka kumlaumu aliyeniuzia. Ukweli ni kwamba mayai alinipa yeye, lakini mahali pa kulelea niliandaa mimi.

Kwa hiyo ukinunua siga ambazo hujui zimepita wapi, zigandishe kwanza. Zifunge ndani ya mifuko miwili ya zipu hewa ikiwa imetolewa, friji ya kawaida siku moja, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku tatu hadi tano, zirudi friji siku moja, kisha chumbani siku moja, na mfuko usifunguliwe mpaka mwisho. Ngazi hizo ni za kulinda jani la nje lisipasuke. Umeme wenu ukiwa wa kukatikakatika, hesabu siku tano kuanzia unaporudi.

Vile vidoa vyeupe. Kuna watu watakwambia ni "ua" la siga iliyokomaa, mafuta yaliyoganda, dalili njema. Kwenye humidori ya 79 hapa Dar, hiyo ni koga, basi. Tazama kwa kioo cha kukuzia: ikiwa na vinyuzi na imekaa kiduara, usibishane. Kama iko juu ya jani la nje tu, ifute kwa karatasi laini iliyo kavu, tenga siga hizo mbili peke yake kwenye chombo kingine wiki tatu, uone kama zitarudia. Kama imeingia mguuni, pale unapowashia, tupa. Usiionje kujaribu. Humidori yenyewe ipanguse kwa spiriti kidogo, iache wazi kwenye chumba cha kiyoyozi wiki nzima.

Shemeji yako mwambie afanye yale uliyoyafanya wewe, ila asipanguse kwa maji. Mbao inavimba na kupinda. Januari na Februari mchana hewa ya Nairobi hushuka mpaka kwenye arobaini na kitu, na mbao kavu itazinyonya siga zake kabla hajazionja. Atie pakiti ya 84 kwenye humidori tupu wiki mbili mbao ishibe, ndipo aingize siga na pakiti za 69. Maji ya bomba asiyaguse, yana madini yanayoziba sponji. Akilazimika kutumia sponji atafute maji yaliyokenekwa, na kama ni yale ya betri asome lebo mara mbili asije akachukua asidi.

Na humidori yako ya mbao, ikishakauka, iweke sebuleni na pakiti moja ya 65 na siga tatu nne utakazovuta wiki hiyohiyo. Kwa muda huo hata ikivuja haina neno. Nyingine zibaki kwenye chombo cha plastiki kabatini, na ukiuliza mwezi ujao niandikie namba mbili: unyevu na joto la saa tisa mchana. La pili ndilo nitakalolisoma kwanza.